Sheikh Abdallah Saleh Farsy: Kadhi Aliyefunza Adabu ya Hukumu kwa Kalamu

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Amma baad. Katika darasa yetu ya Jilore, siku tuliyokhitimu mlango wa mirathi, kijana mmoja mwenye nia ya kusomea ukadhi aliuliza swali ambalo si la kupuuzwa. Alitaka kujua mwenye kusoma sheria ana haja gani na mashairi na visa vya wanavyuoni waliokwisha kufa, ilhali mafungu ya mirathi yamo vitabuni, na hukumu za ndoa na talaka zimo vitabuni. Mwenziwe akazidisha kuwa mashairi na sifa za masheikh ndio mlango walioingilia wazushi, basi heri mlango huo ufungwe kabisa.

Tumeona jawabu iliyo bora si kubishana na vijana hawa, bali kuwatajia mtu. Mtu huyo hakuna atakayemtuhumu kuwa alipenda uzushi, kwani alitumia sehemu kubwa ya umri wake kuupiga vita. Wala hakuna atakayemtuhumu kuwa hakujua sheria, kwani alikuwa Kadhi wa Unguja, kisha akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Naye ni Sheikh Abdallah bin Saleh Farsy, Mwenyezi Mungu amrehemu.

KUZALIWA NA KUSOMA KWAKE

Sheikh Abdallah alizaliwa Unguja mwaka 1912. Mji wa Unguja siku hizo ulikuwa chuo kilichotandazwa mitaani: mtoto hutoka kwa mwalimu wake wa Kurani, akapita msikiti huu akasikia darasa ya fiqhi, akapita msikiti ule akasikia ya nahau, na barazani kwao akawakuta wazee wakizungumza khabari za wanavyuoni kama watu wengine wanavyozungumza khabari za jamaa zao. Sayyid Ahmad bin Sumeyt na Sheikh Abdallah Bakathir, nguzo mbili za elimu ya Unguja, walifariki wote wawili mwaka 1925, naye Sheikh Abdallah yu kijana wa miaka 13. Lakini wana na wanafunzi wao walikuwa hai, na kwao ndiko alikochota. Miongoni mwa waliomsomesha ni Sheikh Abubakar bin Abdallah Bakathir na Sayyid Umar bin Ahmad bin Sumeyt. Yaani wana wa wale wawili.

Jambo hili lataka kuangaliwa. Kijana aliyesoma kwa wana hupokea vitu viwili kwa pamoja: hupokea kitabu, na hupokea khabari za baba. Huambiwa maana ya ibara iliyomtatiza, na huambiwa pia namna sheikh mkubwa alivyoketi alipokuwa akiisomesha ibara hiyo, na alivyomvumilia mwanafunzi mzito, na alivyomkatalia tajiri. La kwanza ni elimu. La pili ni adabu. Sheikh Abdallah aliyapokea yote mawili, na baadaye hakukubali kuyatenga.

FIQHI ILIYOVIKWA NUDHUMU

Kwanza natumwambie yule kijana wetu jambo ambalo pengine hakulitambua. Elimu ya sheria katika pwani yetu haikupata kuachana na ushairi hata siku moja. Mwanafunzi wa madhehebu ya Shafi alipomaliza vitabu vidogo alitiwa katika Zubad ya Ibn Raslan, mwanachuoni wa Palestina aliyefariki mwaka 844 wa Hijra, nayo ni fiqhi iliyotungwa kwa beti kama 1,000. Katika mirathi alihifadhi Rahbiyya, nudhumu ya beti zisizotimu 200, iliyotungwa na mwanachuoni aliyefariki mwaka 577 wa Hijra. Na ndani ya beti hizo chache mna mafungu yote ya warithi, na wenye kuzuiliwa, na namna ya kusahihisha hesabu.

Wanavyuoni hawakufanya hivi kwa kutaka pambo. Maneno yenye mizani hushika moyoni, na kijana anayeyasoma kwa sauti pamoja na wenziwe alfajiri hayamtoki mpaka kaburini. Tena aangaliye mwisho wa Zubad ataona ajabu. Baada ya milango ya twahara na sala na biashara na ndoa na hukumu na ushahidi, mtungaji hakufunga kitabu. Ameongeza mlango wa kuusafisha moyo, unaotaja nia na tamaa na kumcha Mungu. Kama kwamba amemwambia mwanafunzi kuwa hayo yote aliyoyasoma ni chombo, na chombo hakiendi bila ya mwenye kukiongoza.

Na tusimame hapa kidogo. Chukua mtu aliyekufa hapa Jilore, akaacha mke mmoja, mwana mmoja mwanamume na binti mmoja, na mali yake ni miembe 24 iliyo kando ya Mto Sabaki. Aliyehifadhi Rahbiyya hatafuti kalamu. Mke ana thumni, miembe 3. Iliyobaki ni 21. Mwana atwaa 14 na binti atwaa 7. Hesabu imekwisha. Lakini Rahbiyya haimwambii kadhi afanye nini pale mjane anapokuja mbele yake naye hawezi kusema kwa haya, na shemeji yake amekaa karibu naye akimkazia macho. Haimwambii kuwa ile miembe 3 isiwe ndiyo isiyozaa. Haimwambii amngoje yule binti afute machozi kabla ya kumwuliza. Haya hayamo katika hesabu, na bila ya haya hesabu yaweza kuwa sahihi na dhulma ikapita chini yake.

Ni kweli kwamba vitabu vya fiqhi vina mlango wa adabu za kadhi: asihukumu akiwa na hasira wala njaa, asipokee zawadi ya mwenye shauri, awaketishe wagomvi wawili mahali palipo sawa, na asimwangalie mmoja kwa uso mkunjufu na mwenziwe kwa uso mkavu. Lakini kuujua mlango huo ni jambo moja, na kuupenda ni jambo jingine. Mtu huipenda insafu akimwona mwenye insafu. Na ikiwa hakumwona kwa macho, basi amwone kwa khabari iliyosimuliwa vizuri. Hilo ndilo alilolifahamu Sheikh Abdallah, na ndiyo kazi aliyoifanya.

MWALIMU NA MWANDISHI

Hakuanza na ukadhi. Mwaka 1933 aliingia ualimu katika skuli za serikali ya Unguja, na kwa miaka mingi alikuwa mtu wa ubao na chaki. Kisha akawa mkaguzi wa mafunzo ya dini. Ualimu ulimfunza namna ya kusema na mtu asiyejua. Wanavyuoni wengi wa zama zake walipoandika waliandika kwa Kiarabu, wakasomana wao kwa wao. Yeye aliandika kwa Kiswahili cha Unguja kilicho chepesi, ambacho mke wa mvuvi hukifahamu akisomewa.

Katika jambo hili alikuwa na mtu wa kumtangulia, na huyo ni Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa. Sheikh al-Amin alizaliwa mwaka 1891. Alitoa Sahifa mwaka 1930, kisha al-Islah mwaka 1932; akawa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937, akabaki hapo mpaka kufa kwake mwaka 1947. Makala yake ya Sahifa yalikusanywa katika kitabu kiitwacho Uwongozi. Mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, ambaye naye alipata kuwa Kadhi Mkuu, aliandika kwa Kiswahili maisha ya makhalifa waongofu. Baada yake kiti hicho alikishika Sheikh Abdallah. Basi watu watatu waliokalia kiti kikubwa cha hukumu ya Kiislamu katika nchi hii, wote watatu walikuwa watu wa kalamu, na wote watatu waliona kuwa kuwasimulia watu khabari njema ni sehemu ya kazi ya mwenye sheria. Je, hili latosha kuitwa sadfa?

KITABU CHA MAISHA YA WANAVYUONI

Mwaka 1942 Sheikh Abdallah alitoa kitabu cha maisha ya Seyyid Said bin Sultan, na kingine cha maisha ya Mtume, rehema na amani zimfikie. Lakini kilicho karibu zaidi na maneno yetu ya leo ni kile cha mwaka 1944, alichokitoa akiwa na umri wa miaka 32, cha tarehe ya Imamu Shafi na ya wanavyuoni wakubwa wa Afrika ya Mashariki. Alikirudia na kukizidisha, kikatoka tena mwaka 1972 kwa jina la Baadhi ya Wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika. Mwaka 1989 kikatolewa Marekani kwa tafsiri ya Kiingereza ya Randall Pouwels, na hata leo hakuna aandikaye historia ya Uislamu wa pwani hii akaweza kukiepuka.

Kwa nini alimweka Imamu Shafi mbele ya wanavyuoni wa Barawa na Lamu na Mombasa na Unguja? Mwenye kuyajua maisha ya Imamu atafahamu. Imamu alizaliwa Ghaza mwaka 150 wa Hijra, akapelekwa Makka angali mdogo, yatima na maskini. Kabla ya kuwa bingwa wa sheria alikaa jangwani na kabila la Hudhayli, waliokuwa mashuhuri kwa ufasaha, akahifadhi mashairi yao hata mabingwa wa lugha wakaja kuyasahihisha kwake. Kisha ndipo akaenda Madina kwa Imamu Malik. Alipopewa kazi ya hukumu upande wa Yaman aliwaudhi wakubwa kwa kukataa kuwapendelea, akasingiziwa fitina, akapelekwa mbele ya Harun Rashid, roho yake ikawa ukingoni. Alipookoka alirudi katika elimu, akasomesha Makka na Baghdad, akaishia Misri, akafa mwaka 204 wa Hijra. Mashairi ya hekima yanayonasibishwa naye husomwa mpaka leo. Kwa hiyo mwenye madhehebu yenyewe alipita njia ya shairi akaingia katika sheria, na akauonja uchungu wa hukumu kabla ya kuandika kanuni zake.

Baada ya Imamu ndipo Sheikh Abdallah akawaleta watu wetu mmoja mmoja. Hebu tuwatazame baadhi yao kwa jicho la kijana anayetaka kuwa kadhi.

Yumo Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani al-Amawi, mzaliwa wa Barawa, aliyefanywa kadhi wa Kilwa naye ni kijana wa miaka kama 18, kisha akawa kadhi wa Unguja mpaka uzeeni mwake. Mwenye kusoma khabari zake hujiuliza: mimi nilipokuwa na miaka 18, nani angaliweka mbele yangu shauri la damu au la mali ya yatima? Akili yangu ilikuwa wapi?

Yumo Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui, babake Sheikh al-Amin, aliyetiwa gerezani katika siku za Seyyid Barghash kwa sababu ya maneno yake ya dini, akatoka mwaka 1888 baada ya Seyyid kufariki. Huyu amfunza kadhi kuwa kuna siku neno la haki lina bei, na bei yake hulipwa na mwenye kulisema.

Yumo Sayyid Ahmad bin Sumeyt, mzaliwa wa Ngazija, aliyekuwa nahodha wa chombo katika ujana wake. Alishika ukadhi wa Unguja, akauacha akasafiri mpaka Istanbul kutafuta elimu zaidi, kisha akarudi mwaka 1888, akahukumu mpaka mauti yalipomkuta. Mtu aliyekwisha kukaa kitini akashuka kwenda kusoma tena! Wangapi leo wakishakalia kiti hukiona kitabu kuwa ni kitu cha watoto?

Na yumo rafiki yake wa roho, Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu. Yeye hakuwa kadhi. Alikuwa mwalimu, akafungua madrasa nyumbani kwake Ukutani, wakamjia wanafunzi kutoka pwani yote. Alisafiri hata Cape Town kwenda kuwapatanisha Waislamu wa huko waliokuwa wamekhitilafiana. Mmoja alikaa kitini, mmoja alikaa mkekani, na pendo lao halikupungua. Wa kitini alimhitaji wa mkekani amkumbushe, na wa mkekani alimhitaji wa kitini alinde haki za watu. Ukiwasoma pamoja wapata funzo ambalo halimo katika mlango wowote wa fiqhi: kwamba cheo si kipimo cha mwanachuoni, na kwamba kadhi asiye na rafiki wa kumwambia kweli yumo katika hatari.

Khabari hizi zimepambwa kwa beti za Kiarabu, zikiwemo za maombolezo walizotungiana wanavyuoni. Msomaji aliyechoka na tarehe na nasaba hukuta beti za mwanafunzi anayemlilia mwalimu wake, na hapo hufahamu kuwa watu hawa walipendana. Wala mtungaji hakuwafanya malaika. Amesema nani alimsomesha nani, wapi alikaa, alifanya kazi gani, alizikwa wapi. Wamekuwa watu wenye nyumba na mitaa. Na mtu mwenye nyumba na mtaa yawezekana kumwiga.

KUSHIKA UKADHI

Mwaka 1960 Sheikh Abdallah akafanywa Kadhi wa Unguja. Sasa yule aliyekuwa akiandika maisha ya makadhi amekaa mahali pao, na kila aliloliandika lamtazama. Haikuwa miaka ya raha. Mapinduzi ya Januari 1964 yalibadili mambo mengi katika Unguja, na wanavyuoni wengi walitawanyika. Yeye aliendelea na kazi yake miaka michache, kisha akahamia Mombasa, na mwaka 1968 akashika ukadhi mkuu wa Kenya baada ya Sheikh Muhammad Kasim.

Mwaka 1965, katikati ya misukosuko hiyo, alitoa kitabu cha ndoa na talaka na maamrisho yake. Kitabu hiki chaonyesha moyo wa mtungaji wake kama kitu chochote kingine alichokiandika. Kadhi anayetaka kuogopewa hupenda watu wasijue sheria, wamjie wakitetemeka. Yeye aliwaandikia watu sheria ya nyumba zao kwa lugha ya nyumba zao, ili mume ajue mpaka wake na mke ajue haki yake kabla ya kufika barazani. Wangapi wameachwa kwa neno la hasira, wakapoteza mahari na masurufu yao kwa kuwa hawakujua! Kumfundisha mwenye haki kuwa ana haki ni nusu ya hukumu.

Alipofika Kenya alikuta mahakama za kadhi zimewekewa sheria mpya ya mwaka 1967, iliyozipa mashauri ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale wanaohusika wote wakiwa Waislamu. Mpaka huo ni mwembamba, lakini ndani yake ndimo yalimo machozi mengi ya watu. Mwizi wa ng'ombe huenda mahakama nyingine. Mjane na yatima na mke aliyeachwa huja kwa kadhi. Basi akiwa kadhi hana huruma, hao hawana pengine pa kwenda.

Na kazi yake iliyo kubwa kuliko zote, Qurani Takatifu, tafsiri ya Kurani nzima kwa Kiswahili pamoja na maelezo, ilitimia kuchapwa mwaka 1969, alipokuwa amekwisha kushika ukadhi mkuu. Nyumba nyingi za Malindi na Mambrui na Kilifi zina nakala yake, imekunjamana kwa kusomwa. Mchana alihukumu baina ya watu, na kalamu yake ikawafafanulia watu Kitabu ambacho kwacho alihukumu.

UZUSHI NA INSAFU

Sasa twafika kwa yule kijana wa pili, aliyetaka mlango wa mashairi na sifa ufungwe. Sheikh Abdallah alikuwa mkali wa uzushi. Mwaka 1977 alitoa kitabu juu ya bidaa, na kiliwaudhi wengi katika pwani hii, kwani aliyagusa mambo waliyoyazoea na kuyapenda. Hakurudi nyuma.

Lakini lifungue tena lile kusanyo lake la 1972. Utawakuta wanavyuoni waliosoma maulidi na kuyashamirisha, akiwemo Habib Saleh wa Lamu, mwenye kujenga Riyadha, aliyefariki mwaka 1935. Sheikh Abdallah hakumfuta. Ametaja elimu yake, na waliomsomesha, na aliowasomesha, na heshima aliyokuwa nayo kwa watu. Hoja ameiweka mahali pa hoja, na sifa ameiweka mahali pa sifa. Hakukiruhusu kitabu kimoja kula haki ya kitabu cha pili.

Ndugu zangu, hii ndiyo insafu, na hii ndiyo hukumu. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul Maida tusiache chuki ya watu ituvute kwenye kutofanya uadilifu. Mtu asiyeweza kumwandika kwa haki mwanachuoni asiyekubaliana naye, vipi ataweza kumhukumu kwa haki mgomvi asiyempenda? Sisi tunaojiita watu wa kutengeneza, natujiangalie. Tumekuwa hodari wa kuyataja makosa ya waliotutangulia, na majina yao wenyewe hatuyajui. Kijana wetu huweza kukupa dalili 10 za kukataza jambo, na ukimwuliza ni nani aliyemleta babu yake katika elimu, hunyamaza. Tumefagia nyumba, nasi katika kufagia tumetupa na vyombo.

Wala shairi lenyewe halikukatazwa. Mwisho wa Suratush Shuaraa washairi wapotovu wamelaumiwa, kisha wakatolewa katika lawama hiyo walioamini na kufanya mema na kumtaja Mungu kwa wingi. Na Mtume, rehema na amani zimfikie, alikuwa na mshairi wake, Hassan bin Thabit, akamwekea mimbari ndani ya msikiti wake. Basi linaloangaliwa ni lililomo katika shairi, na linakompeleka msikiaji.

KUFARIKI KWAKE

Baada ya kuushika ukadhi mkuu kwa zaidi ya miaka 10, Sheikh Abdallah aliuacha, akahamia Oman, na huko Mwenyezi Mungu alimchukua mwaka 1982, akiwa na umri wa miaka 70. Aliyetumia maisha yake kuandika wapi amezikwa fulani na fulani, yeye mwenyewe alizikwa mbali na mji aliozaliwa. Mwenyezi Mungu amlaze mahali pema, na ayafanye yale aliyoyaandika kuwa sadaka isiyokatika.

FUNZO KWETU

Zama zimegeuka. Leo kijana anayetaka ukadhi huenda chuo kikuu, hupata shahada, huhojiwa na tume. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu chake cha 170, imezithibitisha mahakama za kadhi na kumtaka mwenye kukaa hapo awe Mwislamu anayeijua sheria ya Kiislamu. Yote hayo ni kheri. Lakini tume yaweza kumpima mtu elimu yake. Moyo wake haiwezi kuupima. Moyo hupikwa mapema, katika madrasa na majumbani, kwa mambo ambayo hayatiwi katika mtihani.

Kwa hiyo darasa yetu imekata shauri. Kila tukisoma mlango mmoja wa hukumu, tutasoma baada yake khabari ya kadhi mmoja au mwanachuoni mmoja: siku hii Sayyid Ahmad bin Sumeyt, siku ile Sheikh al-Amin, siku nyingine mwenyewe Sheikh Abdallah. Wanafunzi wataisimulia kwa maneno yao, kisha kila mmoja ataulizwa yeye angalifanya nini mahali pale. Na wenye kipawa cha kutunga watahimizwa watunge kwa Kiswahili, juu ya amana ya yatima, na haki ya mjane, na hatari ya zawadi anayopewa mwenye kuhukumu. Tutawaomba na wazee, wa mjini Malindi na wa huku Jilore, watusimulie waliyoyaona barazani kwa makadhi wa zamani, kabla hawajatutoka. Kwani mzee akifa bila kuandikwa, hufa na aliokuwa akiwakumbuka.

Na wewe kijana uliyeuliza, usidhani tumekuzuilia njia yako. Hifadhi Rahbiyya, usikosee hata fungu moja. Lakini jua kuwa siku moja, inshallah, mjane wa ile miembe 24 atasimama mbele yako, na siku hiyo kichwani mwako zitakuwa beti, na moyoni mwako atahitajika mtu. Mtafute mtu huyo kuanzia sasa. Waliomtangulia wamekwisha kukuandikia jina lake na makazi yake na mwenendo wake, kwa lugha ya mama yako, na haikubaki ila kukifungua kitabu.

Mwenyezi Mungu atuongoze sisi na nyinyi katika lililo sawa, na awape makadhi wetu elimu yenye huruma na huruma yenye elimu. Wabillahi tawfiq.